Pazia Golini

Kikombe kilivunjika asubuhi, mbele ya watu wote wa nyumba ile, na kila mmoja aliona kilivyovunjika.

Mtoto alikuwa amepanda kwenye benchi akifuata kijiko. Alikuwa katika umri ule wa kujua kupanda kila kitu na kutojua kushuka popote. Mguu ukateleza, kichwa kikatangulia, na chini palikuwa na sakafu ya saruji. Bibi yake alikuwa ameshika sufuria ya maziwa. Mama yake alikuwa na sindano mdomoni. Babu yake alikuwa anaongea. Aliyefika ni baba yake tu, ambaye alikuwa amekaa upande wa pili wa meza na chai ya moto mkononi. Hakupiga kelele wala hakusimama. Alijirusha kwa ubavu, kikombe akakiachia kiende kinakotaka, na viganja vyake viwili vikakipokea kile kichwa pakiwa pamebaki upana wa kidole.

Kisha mtoto akacheka, akidhani ni mchezo.

"Umeungua?" mkewe alimuuliza, akitema sindano.

"Kidogo," alisema, bado amelala sakafuni, chai ikimtiririka pajani. "Mshike mtoto."

Babu mtu aliinama chini ya meza. Alitoka na kipande cha kikombe chenye nembo ya klabu, akakifuta kwa kidole gumba kama mtu anayefuta picha ya marehemu.

"Kikombe changu," alisema. "Kile cha ubingwa."

Babu huyo alikuwa mwenye bucha, na mtaa mzima ulimwita Spika kwa sababu sauti yake haikuwa na mahali pa kuizimia. Aliyelala sakafuni alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, na kazi yake ilikuwa kudaka mipira. Timu aliyoichezea mwanzo ilikufa kifo cha timu ndogo: kwanza maji ya kunywa, halafu nauli, halafu mishahara. Akahamia kwa Spika na mke, mtoto na begi moja la glovu, wakawekwa katika chumba cha nyuma ya bucha. Harufu ya mafuta na damu ilipenya ukutani usiku na mchana. Mke wake, ambaye alikuwa mshonaji, alifua nguo za mtoto kwa sabuni ya kila aina na bado mtoto alinuka kama mfupa.

Sasa klabu kubwa ya mji ilikuwa katika maandalizi ya msimu, na ilitaka makipa wawili. Wa kwanza hakuwa na mjadala. Nafasi ya pili iligombewa na watu wawili: huyu mkwe wa Spika, na kijana mmoja ambaye wote walimwita Mpwa kwa kuwa alikuwa mpwa wa mweka hazina wa klabu. Atakayepatikana angepewa mkataba, mshahara, na chumba katika nyumba za wachezaji, chumba chenye dirisha linalofunguka upande wa miti. Atakayekosa, kama ni Mpwa, angerudi kwa mjomba wake akanywe soda. Kama ni mkwe wa Spika, angerudi kwa kaka yake kupakia mifuko ya saruji, kwa sababu alikuwa amefika umri ambao viongozi wa klabu humwangalia mchezaji kama mteja anavyoangalia nyama ya jana.

Mkewe alikuwa akimshonea kiraka kwenye glovu ya kulia, ngozi aliyoikata kwenye mkoba wake wa harusi. Ndiyo maana alikuwa na sindano mdomoni.

* * *

Bucha ya Spika ilikuwa na gogo moja la kukatia, mizani moja, ndoano tano na nzi wasiohesabika. Katika majuma ya maandalizi ya msimu ilikuwa pia na mashabiki. Walikaa juu ya makreti ya soda, wakatema mate chini, wakala karanga na kutupa maganda kwenye damu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufukuzwa kwa kutonunua nyama. Walikuja kumsikiliza Spika, na Spika aliwahitaji kama shoka linavyohitaji gogo.

"Mshambuliaji mpya umemwonaje, mzee?" aliuliza fundi viatu, ambaye kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara na hakikuonekana na mtu ndani yake tangu mazoezi yaanze.

"Nimemwona," Spika alijibu, shoka hewani. "Lakini kitambi chake nimekiona kwanza. Yeye alifuata baadaye."

Wakacheka. Shoka likashuka.

"Na kiungo?" aliuliza dereva wa lori.

"Yule anatoa pasi kama mtu anayelipa faini. Mpaka aulizwe mara tatu."

"Winga je?"

"Mbio anazo. Breki hana. Siku wakisahau kufunga geti la uwanja, yule tutamtafuta nchi jirani."

Mama mmoja alikuwa amesimama na noti mkononi, akingoja nusu kilo yake. "Mwenye bucha, mimi nina watoto nyumbani."

"Subiri, mama, tunapanga kikosi hapa."

Simu ikalia. Makreti yote yakanyamaza, maana walijua ni nani. Redio ya mji ilikuwa na kipindi cha jioni cha maoni ya mashabiki, na mtangazaji wake alikuwa amegundua kwamba mwenye bucha mmoja anaweza kumwokoa na kazi ya kufikiri. Kila jioni alimpigia. Spika alijifuta mikono kwenye aproni iliyokuwa chafu kuliko mikono, akaweka simu sikioni.

"Spika wetu!" ilisema sauti kwenye simu, na sauti ileile ikasema tena, kwa kuchelewa kidogo, kwenye redio iliyoning'inia msumarini. "Leo tuzungumzie lango. Nafasi ya pili. Mpwa, au huyu kipa mgeni?"

Spika aliangalia nyuso za watu wake. Fundi viatu alikuwa ameacha mdomo wazi, karanga ikionekana juu ya ulimi. Wote walijua kipa yule ni mkwe wake. Mtangazaji hakujua, wala wasikilizaji.

"Mpwa ni mtoto," Spika alianza polepole. "Mtoto anafundishika. Lakini huyu mwingine..." Akanyamaza. Alikuwa bingwa wa kunyamaza mahali panapotakiwa. "Ndugu mtangazaji, yule si kipa. Yule ni pazia. Upepo ukija, linapisha."

Bucha ililipuka. Dereva wa lori alipiga kreti kwa kofi. Mtangazaji alicheka mpaka akakohoa, kisha akarudia, "Pazia! Mmesikia wenyewe! Pazia golini!" Hata mama wa nusu kilo alitabasamu, na Spika aliliona tabasamu lile, akamwongezea mfupa bure.

* * *

Mkwe wake alilisikia jina hilo katika chumba cha kubadilishia nguo. Kulikuwa na redio juu ya kabati la daktari. Wenzake walicheka kwa staha mwanzoni, halafu bila staha. Mpwa alimpiga bega. "Usijali, kaka. Ukikosa lango utapata dirisha."

Nyumbani, binti wa Spika hakungoja baba yake anawe mikono.

"Baba, umemwita mume wangu nini redioni?"

"Kaa chini."

"Sikai. Umemwita nini?"

"Nimesema kaa chini nikufundishe mpira." Spika akavuta kiti, akateremsha sauti yake mpaka kiwango cha mtu wa kawaida, jambo lililoonyesha ni siri. "Kocha wetu ni mtu wa namna gani? Mbishi. Msimu wa juzi tulimshangilia winga yule mrefu mpaka makoo yakakauka. Akafanyaje?"

"Alimtema," alisema mkwe wake kutoka mlangoni, maana hiyo ilikuwa kweli.

"Msimu uliopita tulimzomea beki yule mwenye miguu ya meza. Akafanyaje?"

"Akampa unahodha."

"Basi! Mashabiki wakisema kulia, yeye kushoto. Nikikusifu mimi, mkwe wangu, nimekuua. Nikikuponda, umepata. Ile ni mbinu."

Kama wazo hilo alikuwa nalo kabla ya simu kulia, au alilipata njiani akirudi, Spika hakujiuliza. Lilikuwa wazo zuri na lilikuwa lake.

Mke wa Spika, aliyekuwa mfagizi wa hospitali na mtu wa maneno machache, alikuwa akipanga sahani. "Ulicheka," alisema. "Nilikuwa wodini, redio ya mgonjwa ikiwa wazi. Ulicheka sana kwa mtu wa mbinu."

"Nilitaka waamini."

Binti alimtazama mumewe. Alitaka mumewe akasirike, ili na yeye apate pa kuegemeza hasira yake. Lakini mwanamume anayelala katika chumba cha baba mkwe, anayekula nyama ya baba mkwe, hana uwanja mpana wa kukasirikia. Halafu, ukweli ni kwamba hesabu ile iliwaingia. Winga alitemwa. Beki alipewa unahodha. Watu wanaotaka kitu kwa nguvu zote hawachagui sana ngazi ya kupandia.

"Sawa, baba," alisema kipa. "Kama itasaidia."

"Itasaidia. Wewe daka tu, maneno niachie mimi."

* * *

Na kwa muda ilisaidia, au ilionekana kusaidia, jambo ambalo kwa Spika lilikuwa ni lilelile.

Mechi ya kwanza ya kirafiki ilichezwa na timu ya kiwanda cha matofali. Kipa alipotoka tu, jukwaa la mbao likaimba, "Pazia! Pazia! Funguka!" Alidaka kila kilichokuja. Kocha, mtu mfupi aliyevaa kofia ya jua hata mvuani, aligeuka kuwatazama waliokuwa wakiimba, akamwacha golini hadi mwisho, na katika mechi iliyofuata akampanga tena. Spika aliliona hilo akiwa jukwaani, akamkonyeza binti yake, kana kwamba anasema: Mimi nilikwambia.

Lakini jina halikubaki uwanjani. Muuza mkate alimwambia, "Pazia, chukua chenji." Watoto waliokuwa wakimwamkia sasa walishika mashati yao kwa ncha wakayapeperusha. Mteja mmoja alimletea mke wa kipa kitambaa cha maua ashonewe mapazia, akasema bila kutabasamu kwamba anataka yale yasiyopitisha, siyo kama ya humo ndani. Mshonaji alipima kitambaa. Alikata. Alishona. Alipokea hela. Kisha aliingia chumbani akatapika, na alipotoka alisema ni ile harufu ya ukutani.

"Baba, wapunguze," alimwambia Spika.

"Jina likishashika limeshika. Mimi nifanyeje?"

Siku ya mazoezi ya wazi, klabu ilipowaruhusu watu kuingia bure kuona kikosi, fundi viatu na dereva wa lori walikuja na pazia la kweli. Walilifunga juu ya fito mbili, wakasimama nyuma ya goli. Kila mpira ulipopigwa, walilifungua na kulifunga, na uwanja mzima ukacheka mpaka watu wakashikana. Mshonaji alikuwa amempakata mtoto. Alilitazama pazia lile, la kijani lenye ndege wa manjano, kiraka cha mraba kwenye pindo. Kiraka kile alikishona yeye mwenyewe. Lilikuwa pazia la dirisha la sebuleni kwao.

Alimtafuta baba yake kwa macho. Spika alikuwa safu ya mbele, mikono juu, anaongoza wimbo. Jasho lilimtiririka usoni kama mafuta ya nyama motoni, na uso wake ulikuwa na furaha kama uso wa bwana harusi. Mtoto, aliyekuwa ameanza kutafuta maneno yake ya mwanzo, aliangalia kinywa cha babu yake kikifunguka na kujifunga, akacheza miguu kwa kufuata wimbo.

* * *

Siku ya kutangaza kikosi ilikuwa haijafika. Ilikuwa imebaki jioni ya mwisho ya kipindi cha maoni.

Bucha ilijaa mpaka barabarani. Simu ikalia, redio ikaitikia, na mtangazaji akaanza kwa utamu. "Spika wetu, kabla ya yote, kuna msikilizaji ametuandikia. Anasema huyu Pazia ni mkwe wako. Amemwoa binti yako na anaishi kwako. Tumwambie msikilizaji wetu amekosea?"

Zilikuwa sekunde chache tu, lakini mtu anaweza kuzeeka ndani yake. Fundi viatu aliacha kutafuna. Spika aliweza kusema, hajakosea, na sasa nimechoka na utani huu, kijana anadaka vizuri. Maneno hayo yalikuwepo kinywani, yamekaa mahali pake. Lakini nyuso zote zile zilikuwa zimeinuliwa kwake, zikingoja kulishwa, na hakuwa na moyo wa kuziacha na njaa.

"Hajakosea," alisema. "Ni mkwe wangu kabisa. Na ndiyo maana nasema ninachokijua! Nyinyi mnamwona uwanjani, mimi namwona mezani. Juzi juzi hapa, nyumbani kwangu, ameketi, hajaguswa na mtu, kikombe cha chai kimemponyoka. Kikombe! Kina mkono wa kushikia! Sasa mpira usio na mkono ataushikaje?"

Kicheko kilichotoka bucha ile kiliwafanya mbwa wa jirani wabweke. Mtangazaji alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho tangu azaliwe. Nyumbani, hatua chache nyuma ya ukuta, binti wa Spika alikuwa akimpaka mumewe dawa pale pajani, ngozi ilipokuwa bado nyekundu. Waliyasikia mara mbili, kwanza kupitia redio, halafu kupitia ukuta.

Mkono wake uliokuwa na dawa ulisimama.

"Amekisema kikombe," alisema. "Mtoto hakumsema."

* * *

Kocha alimwita mkwe wa Spika kesho yake asubuhi. Ofisi yake ilikuwa stoo ya mipira. Alikuwa amevua viatu, soksi zake zilikuwa na tundu kwenye vidole, na chumba kilinuka miguu na mpira mbichi.

"Kaa," alisema. "Mimi mashabiki siwasikilizi. Unajua hilo."

"Najua, kocha."

"Walipokuwa wakikuimba, nilikuwa nimekwisha kuamua nakuchukua. Nilisema, huyu anatukanwa na bado anadaka, huyu ni mwanaume." Alichezea filimbi yake. "Lakini jana nimeambiwa yule mzee wa bucha ni baba wa mkeo. Sasa huyo si shabiki. Huyo ni mtu wa ndani. Anakula na wewe. Mtu wa nyumbani kwako akisema mikono yako inaachia vitu, mimi nitajifanya sijasikia? Labda una tatizo, unalificha. Ugonjwa wa neva, sijui. Nikikusajili halafu ikatokea kweli, wataniuliza mimi."

"Kocha, mtoto alikuwa anaanguka. Nilikiachia kikombe nimdake mtoto."

Kocha alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko wimbo. "Kila kipa aliyeachia ana sababu yake," alisema. "Nimesikia za jua, za mvua, za nyasi. Ya mtoto sijawahi. Nenda, kijana. Mungu atakufungulia."

Nje ukutani orodha ilikuwa imekwisha kubandikwa. Mpwa alikuwa akijipiga picha mbele yake.

* * *

Alirudi akaweka glovu mezani, moja juu ya nyingine. Spika, aliyekuja kula chakula cha mchana, alizitazama glovu, akatazama sahani, akachagua sahani.

"Yule kocha hana akili," alisema huku akitafuna. "Mbona safari hii hakufanya kinyume?"

"Alitaka kunichukua, baba," alisema mkwe wake. Sauti yake ilikuwa ya chini, yenye adabu zote. "Amesema mashabiki hawasikilizi. Amekusikiliza wewe. Amesema wewe ni mtu wa nyumbani."

Spika aliacha kutafuna. Kipande cha mafuta kilibaki kikining'inia mdomoni. Binti yake alikitazama kipande kile na akajua kwamba hatakisahau maisha yake yote.

"Baba," alisema. "Kwa nini hukusema mtoto alikuwa anaanguka?"

"Lini?"

"Redioni. Umesema kikombe. Kwa nini hukumalizia?"

"Redioni wanakupa muda mfupi, mwanangu."

"Ni neno moja. Mtoto."

"Sasa ningesema mtoto..." Spika alitafuta msaada kwa mkewe, hakuupata. Ikamtoka tu, pengine ndilo neno la kweli pekee alilolisema msimu mzima. "Ningesema mtoto, isingechekesha."

Hapo ndipo mtoto, aliyekuwa chini ya meza na vijiko vyake, alipotoka. Alisimama wima, akainua mikono yote miwili juu kama alivyoona jukwaani, akasema neno lake la kwanza kamili, kwa sauti ya kuimba.

"Pa-zia! Pa-zia!"

Na Spika akacheka.

Hakukusudia. Kicheko kilimtoka kama mbweu, kikubwa, cha tumboni, kabla hajawahi kukizuia, na alipofunga mdomo wake kwa kiganja macho yake yalikuwa bado yanacheka juu ya vidole. Mkwe wake aliinuka, akamchukua mtoto, akatoka uani. Mkewe Spika akachukua sahani ya mumewe iliyokuwa bado na nyama, akaimwaga kwenye ndoo ya makombo.

"Mama, nisaidie kufunga mizigo," alisema binti.

"Haya, mwanangu."

Hakuna aliyepiga kelele. Mizigo ilikuwa michache: cherehani, begi la nguo, beseni, godoro la mtoto ambalo hata juani lilinuka mfupa. Spika alisimama kwenye mlango wa bucha, akawaona wakipita kwenda kwa kaka wa saruji. Alitaka kusema kitu. Mteja akamwita, akaenda kumpimia.

* * *

Msimu ulipofunguliwa, kipa wa kwanza aliumia kidole kabla ya mapumziko. Mpwa akaingia. Bao la kwanza lilipita kati ya miguu yake. La pili alilidaka vizuri, akaanguka nalo ndani ya goli. Watu waliokuwa na pazia jukwaani walilikunja kimyakimya wakalikalia.

Jioni ile mtangazaji alipiga simu, na Spika alikuwa tayari.

"Ndugu mtangazaji, nani alimtema yule kijana? Nauliza kwa uchungu! Mkwe wangu yule, ninayekaa naye mezani. Nikwambie kisa. Siku moja mtoto wake alianguka kutoka juu ya benchi, kichwa chini, na yule kijana ana chai ya moto mkononi. Unajua alifanyaje? Alitupa kikombe! Akaungua! Akamdaka mtoto pakiwa pamebaki hivi, upana wa kidole! Mikono ile ndiyo tumeiacha ikapakie saruji. Klabu hii ina laana gani?"

Mtangazaji alisema nywele zimemsimama. Bucha nzima ilitikisa vichwa. Dereva wa lori alifuta jicho. "Tulisema sisi," alisema fundi viatu. "Tulisema tangu mwanzo."

Spika alifunga mapema, akarudi nyumbani na fundi viatu nyuma yake, wengine wakisimama nje ya dirisha la sebule kuendeleza mazungumzo. Dirisha lilikuwa wazi, bila kitu. Pazia halikurudishwa, na mkewe alikataa kuweka jingine. Alikuwa mezani, na simu yake ikiwa imewekwa spika mbele yake.

"Umenisikia?" Spika aliuliza. "Umesikia nilivyomtetea?"

"Nimekusikia. Na binti yako yuko hapa kwenye simu. Amekusikia."

"Mwanangu! Umesikia?"

"Nimesikia, baba," ilisema sauti ya binti. "Shikamoo. Mjukuu wako ameisikia sauti yako redioni, anataka kukusalimia."

Kukawa na mkwaruzo, pumzi ndogo, kisha sauti nyembamba ikajaza chumba, safi, bila kukosea hata herufi.

"Pazia! Pazia!"

Spika alicheka kidogo, akatazama pembeni. "Anamwita baba yake."

"Hapana," alisema binti. "Yeye baba yake anamwita baba. Tangu ajue kusema, hili analitumia kwako tu. Akiona picha yako, Pazia. Akisikia redio, Pazia. Si wewe ndiye uliyekuwa ukilisema kutwa? Alidhani unamtajia jina lako."

"Basi mfundishe jingine. Mwambie, babu."

"Nimejaribu, baba. Jina likishashika limeshika. Mimi nifanyeje?"

Simu ikakatika. Mkewe aliinuka, akaenda kuchemsha maji. Spika alibaki amekaa, akiangalia kioo cheusi cha simu, na nyuma yake akasikia kitu anachokifahamu vizuri kuliko sauti yake mwenyewe: pumzi ya mtu anayebana pua. Aligeuka. Fundi viatu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanamtetemeka. Na pale dirishani, palipobaki wazi, nyuso zilikuwa zimejaa kutoka kizingiti hadi juu, zimeinuliwa kwake, zikingoja.